Jina, Tarehe na Hesabu ya Beti: Sahihi ya Mtunzi katika Utendi wa Kiswahili

Mhariri anapodondoa utendi kwa ajili ya wanafunzi, sehemu ya kwanza kukatwa aghalabu ni beti za mwisho. Sababu haitajwi, lakini si vigumu kuikisia. Kisa kimekwisha, shujaa ameshinda au ameuawa, mawaidha yametolewa. Kilichobaki ni mtunzi kujitaja, kutaja mji wake, kutaja mwaka, kuhesabu beti zake na kumwomba msomaji dua. Kwa jicho la mtu aliyezoea kulikuta jina la mwandishi kwenye jalada na mwaka wa uchapishaji nyuma ya ukurasa wa anwani, beti hizo huonekana kuwa makombo ya karamu iliyokwisha. Kisha, katika karatasi ya mtihani, mwanafunzi yule yule huulizwa mtunzi ni nani na utendi ulitungwa lini.

Makala haya yanadai kwamba beti hizo si makombo. Ndizo sahihi ya mtunzi, na zaidi ya hapo ndizo daftari lake la kumbukumbu: mahali ambapo kazi yenyewe inatunza habari za kuzaliwa kwake, pasipo kumtegemea mchapishaji, maktaba wala mhakiki. Mchoraji hutia sahihi pembeni mwa picha, na picha hubaki picha hata sahihi ikifutika. Mtunzi wa utendi alitia sahihi yake ndani ya vina na mizani. Jina lake lina silabi zinazohesabiwa pamoja na nyingine zote; mwaka wake unapaswa kukubaliana na kina cha mshororo. Anayeikata sahihi hiyo anakata shairi.

Yafaa kwanza kuuliza jina linatajwa kwa ajili gani, kwa kuwa hapa ndipo msomaji wa leo anapojikwaa. Tumezoeshwa na biashara ya vitabu kuliona jina kama alama ya mali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi wa kazi ya fasihi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na jina ndilo linaloonyesha nani analindwa. Katika utendi wa jadi jina lina kazi nyingine. Mtunzi hujitaja akiwa mja dhaifu, mwenye makosa, anayeogopa kwamba huenda amekosea katika kauli au katika hesabu. Na papo hapo humwomba anayesoma, anayesikiliza na anayenakili wamwombee rehema. Dua inahitaji jina. Haiwezi kumfikia mtu asiyejulikana, kama vile barua isivyoweza kumfikia asiye na makazi. Ndiyo maana jina hutolewa pamoja na la baba, mara nyingine la babu, na jina la mji: Pate, Siyu, Lamu, Amu ya wazee. Hiyo ni anwani. Na dua haikomi baada ya miaka 50.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mwana Kupona binti Mshamu. Alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana kwa muda mrefu na utawala wa Zanzibar, na akamtungia bintiye Mwana Hashima utendi alipokuwa mgonjwa na akiona kwamba huenda hatapona. Mwishoni mwa utendi huo anajitaja, anautaja mji alikozaliwa, anatoa mwaka wa Hijiria 1275 na anatoa idadi ya beti, nayo ni mia moja na mbili. Vitu vyote vinavyotakiwa katika sahihi kamili vipo, na vimewekwa na mwanamke, katika zama ambazo wahakiki wengi hupenda kuzieleza kwamba mwanamke hakuwa na sauti ya hadhara.

Kuna jambo katika utendi huu ambalo limepewa uzito mdogo mno. Tendi nyingi huitwa kwa jina la mhusika au la vita: Tambuka, Liyongo, Ras il Ghuli. Huu umeitwa kwa jina la mtunzi wake. Sahihi imepanda kutoka beti za mwisho ikakaa kwenye anwani, na hakuna mchapishaji aliyeamuru iwe hivyo. Ni wasomaji, wasikilizaji na wanakili waliomjua kuwa ni utendi wa fulani. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha Uingereza mwaka 1934 waliupa anwani ya Kiingereza yenye kusisitiza wajibu wa mke, na anwani hiyo imeongoza usomaji wa utendi huo kwa miongo mingi, uwe ule wa kuusifu au ule wa kuulaumu. Lakini beti za mwisho hazijitangazi kuwa sheria ya ndoa. Zinamtaja mama, mgonjwa, wa Pate, katika mwaka fulani, anayeomba dua. Mhakiki anayeanza kusoma kutoka sahihi atafika mahali tofauti na yule anayeanza kutoka anwani ya 1934. Makala haya hayadai kwamba suala la utii wa mke halimo. Limo, tena kwa wingi. Linalodaiwa ni kwamba mtunzi alijieleza mwenyewe ni nani na alikuwa katika hali gani, na maelezo hayo yalistahili kutangulizwa.

Kuhusu tarehe, ugumu ni wa namna mbili. Kwanza ni kalenda. Mwaka wa Hijiria una siku 354 au 355, na kwa hivyo hauendi sambamba na mwaka wa Miladi. Mwaka 1275 ulianza Agosti 1858 ukaisha Julai 1859. Vitabu vyetu karibu vyote huandika 1858 kana kwamba mtunzi mwenyewe ndiye aliyeandika tarakimu hizo. Mtu asiye na mwezi mkononi, akiandika 1858 peke yake, ameondoa miezi saba ya uwezekano bila kumwambia msomaji. Ni kosa dogo, na pengine ni uchoyo kulitaja. Ila ni kosa linalofunza jinsi tunavyoihamisha sahihi ya mtu kutoka kalenda yake hadi yetu na kusahau kwamba tumeihamisha.

Namna ya pili ni usomaji wenyewe. Mwaka katika beti hautolewi kwa tarakimu bali kwa maneno, tena mara nyingi maneno ya Kiarabu, alifu na mia na miteni, yakipangwa ili yakubaliane na kina. Hii ni hifadhi ya aina yake, maana tarakimu moja ikifutika hakuna wa kujua ilikuwa ipi, ilhali neno likidondoka mizani huyumba na sikio hugutuka. Hata hivyo hifadhi hiyo haikutosha kila mara. Hamziya, kasida ya Kiarabu ya al-Busiri iliyotiwa katika Kiswahili na Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate, wapo wataalamu walioiweka mwaka 1652 na wapo walioiweka 1749. Anayezirudisha tarehe hizo katika Hijiria atakuta 1062 na 1162. Ubishi mzima, wenye kuathiri historia ya fasihi yetu andishi kwa karne nzima, unakaa juu ya mia moja. Wahakiki wa fani ambao huona kazi ya kusahihisha miswada kuwa ya watu wasio na nadharia wangefaa kuikumbuka hiyo mia.

Sehemu ya tatu ya sahihi ni hesabu ya beti, na hii ndiyo iliyodharauliwa kuliko zote. Msomaji wa kitabu kilichopigwa chapa haoni faida ya kuambiwa kwamba utendi una beti kadha wa kadha. Kurasa zina namba. Lakini utendi ulisafiri kwa mkono. Kila nakala iliandikwa na mtu aliyeweza kuchoka, kuruka ubeti kwa sababu wa juu na wa chini unaanza kwa neno moja, au kuupenda utendi kiasi cha kuuongeza. Mtunzi aliyetaja hesabu aliweka kufuli. Anayepokea nakala huhesabu. Zikipungua, ajua kuna kilichopotea, na zikizidi, ajua kuna mgeni. Hakuna haja ya kuwa na nakala ya pili ya kulinganisha, wala ya kumjua mnakili. Kazi inajikagua yenyewe.

Kufuli hilo lina udhaifu wake. Mnakili aliyeongeza beti kwa makusudi aliweza pia kuubadili ubeti wa hesabu ili ukubaliane na alichofanya, na hapo kufuli hugeuka kuwa kinga ya mwizi. Tena kuna swali ambalo hakuna kanuni iliyolijibu: je, ubeti unaotaja hesabu nao umehesabiwa? Na zile beti za dua zinazofuata baadaye? Mtunzi anayesema mia na mbili alikuwa amekwisha kutunga ngapi alipotamka neno hilo? Yeyote aliyekaa na mswada akihesabu kwa kidole atakuwa amekutana na tofauti ya ubeti mmoja au mitatu, na hana budi kuamua kama ni upungufu wa nakala au ni mtunzi aliyejihesabu kabla hajamaliza. Uamuzi huo unahitaji busara ya mhakiki wa fani, yaani kujua utendi huu unafunga vipi, kwa hivyo si kazi ya karani.

Pamoja na sahihi ya mtunzi kuna ile ya mnakili, na hizi mbili zimechanganywa mara nyingi. Mnakili naye, amalizapo, huweka jina na tarehe, mara kwa nathari na mara kwa beti alizotunga mwenyewe akiziunganisha na za mtunzi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyeishi hadi mwaka 1945, ndiye kielelezo kikubwa cha jambo hili. Alikuwa mchonga milango, mwanamuziki, mwandishi wa khati nzuri na mtunzi. Utendi wa Liyongo wa mwaka 1913 ni wake. Lakini vile vile aliwanakilia Werner, Hichens na Ernst Dammann tendi nyingi za watu wengine, na nakala zake zimetawanyika katika maktaba za Ulaya. Kwa hivyo mtafiti akikuta jina la Kijuma mwishoni mwa mswada hajapata jibu, amepata swali. Ametunga, amenakili, au amenakili na kurekebisha? Hata jina lenyewe limepata sura mbili katika maandishi ya kitaaluma, Kijuma na Kijumwa. Jina lililotiwa kwa khati ya Kiarabu, ambayo haionyeshi irabu zetu zote kwa uwazi, huhitaji mtu anayelijua kwa sikio ili lisomeke sawa.

Hapa pana hoja inayoweza kutolewa dhidi ya makala haya: kazi kubwa kuliko zote za wakati huo hazina sahihi. Al-Inkishafi haina jina la mtunzi ndani yake. Kwamba ni ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir tunalijua kwa mapokezi ya watu wa Pate na Lamu, si kwa ubeti wowote. Nakala zake hazikubaliani juu ya idadi ya beti wala mpangilio wake, na wahariri, tangu Hichens alipoitoa mwaka 1939, wamekuwa wakijadili kama mtunzi aliimaliza. Mjadala huo hauwezi kwisha kwa sababu kifungo chenyewe hakipo. Kama angeacha ubeti mmoja wa hesabu, swali la ukamilifu lingejibiwa na mtoto wa chuoni. Yawezekana pia kwamba utendi unaosimulia magofu na majumba yaliyoachiwa popo, na unaoukemea moyo wa mtunzi kwa kuipenda dunia, haukuwa mahali pa kutia jina. Lakini hiyo ni tafsiri, na tafsiri inayotokana na kitu kisichokuwapo ni ya kuchukuliwa kwa tahadhari.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ni habari nyingine kabisa. Mashairi yake yalitoka mdomoni, yakijibu tukio la wiki hiyo au mshairi wa upande wa pili, na tukio ndilo lililokuwa tarehe. Aliyekuwapo Mombasa wakati wa ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said hakuhitaji kuambiwa shairi ni la lini wala ni la nani. Kizazi kilichofuata kilihitaji. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye alifariki mwaka 1890, aliyakusanya kutoka vinywa vya watu na kumpa W. E. Taylor pamoja na maelezo ya visa vyake. Karatasi hizo zikaishia London, na Hichens akazitolea diwani mwaka 1940. Mohamed Abdulaziz alipozirejea katika kitabu chake cha 1979, bado alikuwa akitembea juu ya daraja lililojengwa na mtu mmoja, Sikujua. Bila yeye, Muyaka kwetu angekuwa jina na misemo michache.

Lakini mapokezi yana tabia yake, na wahakiki wa Muyaka hawajaikabili vya kutosha. Jina kubwa huvuta mashairi ya watu wadogo. Shairi kali la Mombasa lisilo na mwenyewe, likikaa miaka 40 katika vinywa vya watu, litakuwa la Muyaka. Shairi la kale lenye majivuno ya shujaa litakuwa la Fumo Liyongo. Watu hawakudanganya; walilipa shairi nyumba ya kukaa. Matokeo yake ni kwamba tunapoandika juu ya "mtindo wa Muyaka" tunaweza kuwa tunaeleza mtindo wa mji mzima, na tunapomnyima mtunzi asiyejulikana jina lake tunamnyima pia ile dua aliyokuwa akiitaka. Hapo ndipo tofauti ya utendi uliotiwa sahihi inapoonekana: Mwana Kupona hakuweza kumezwa na jina la mwingine.

Karne ya 20 ilibadili vyombo vya kutunza jina. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilimpa mtunzi tarehe bila yeye kuitunga, maana toleo lenyewe lilikuwa na mwezi na mwaka. Akabaki na kazi ya kujitaja katika ubeti wa kaditama pamoja na mji wake, na wengine wakajificha nyuma ya lakabu ambazo leo hakuna awezaye kuzifumbua. Katika santuri hali ilikuwa mbaya zaidi. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, jina lililovuma lilikuwa la mwimbaji; watunzi wa maneno, ambao walikuwa wengi, wengi wao wamebaki bila majina. Kanda za kaseti zilizosambaza mashairi ya kampeni ya Kimwondo huko Lamu katika miaka ya 1970 zilitegemea sauti kuwa sahihi, na sauti inajulikana na majirani tu. Abdilatif Abdalla naye, aliyefungwa miaka mitatu kwa sababu ya kijitabu cha Kenya: Twendapi? cha 1968, aliyaandika mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani kwenye karatasi za chooni, mahali ambapo mwandiko wenyewe ulikuwa hatari kwa mwenye nao. Diwani ilipotoka mwaka 1973 jina lilikuwa jaladani, wazi.

Inabaki hali ya miswada ambayo bado imo majumbani. Mkusanyo wa J. W. T. Allen katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ile ya London na Hamburg, imepewa namba, na namba ya maktaba ni sahihi ya tatu juu ya ile ya mtunzi na ya mnakili. Watafiti hunukuu namba kwa uangalifu mkubwa, hata pale wanaposahau kutaja mnakili. Lakini mswada wa nyumbani hauna namba. Umo kisandukuni, umefungwa kwa kitambaa, na kilichomo hakijulikani mpaka pale mjukuu anapouleta kwa mwanafunzi wa uzamili aliyekwenda nyanjani.

Kila msimamizi wa tasnifu ameletewa daftari la namna hiyo, au picha za kurasa zake. Mambo huwa yale yale. Jalada halipo. Karatasi za katikati ni safi, wino mweusi bado una mng'ao, vina vimepangwa kwa wino mwekundu, beti zafuatana bila kasoro. Karatasi ya kwanza, yenye bismillahi na ile kawaida ya kuagiza kidau, kalamu na karatasi, imechanika nusu. Na ya mwisho haionekani. Ndiyo inayogusa sakafu, ndiyo inayopata unyevu wa ukuta wa matumbawe, ndiyo mchwa wanaoianza. Mtunzi alitia jina, mwaka na hesabu mahali ambapo ada ilimtaka avitie, na mahali hapo ndipo pa kwanza kuoza.

Mwanafunzi huuliza aandike nini kwenye anwani. Wapo wanaoshauriwa waandike "mtunzi hajulikani" na kuendelea na uchambuzi wa maudhui. Jibu hilo ni la haraka mno. Beti zilizobaki zihesabiwe na hesabu iandikwe, pamoja na karatasi zinazoonekana kung'olewa, kwa kutazama mishono ya daftari. Kisha mwanafunzi arudi kwa yule mjukuu, na kwa mama zake na shangazi zake, aulize kama yupo anayekumbuka jinsi utendi ulivyokuwa ukimalizika uliposomwa nyumbani. Mara nyingi yuko bibi mmoja ambaye hawezi kuusoma, lakini alikuwa akiitikia dua.